Sifuri ya Jumatatu

Jumatatu ile mashine ya barafu ya kiwanda cha samaki wa moshi iligoma, na Exilda Losier hakuwa mtu wa kuacha kazi yake kwa sababu ya mashine. Kwa miaka tisa, kila Jumatatu kabla moto haujawashwa, yeye ndiye aliyekipima kipimajoto. Si kazi ya kutoa jasho. Unaponda barafu, unaijaza kwenye kikombe, unamimina maji ya kunywa kidogo, unakoroga, unazamisha sindano ya kipimajoto katikati bila kugusa kitako wala ukingo, kisha unasubiri. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, kwako na kwa Papa kule Roma. Kipimajoto kikisema sifuri, unaandika sifuri kwenye daftari la ukaguzi na kutia sahihi. Kikisema kingine, unabonyeza kitufe cha kurekebisha mpaka kiseme.

Basi akachukua kikombe chake, akavuka gati mpaka banda la chambo, ambako wavuvi wa kambakoche huweka heringi zao kwenye mapipa ya barafu. Akachota kwenye pipa la mlangoni, pale juu palipokuwa peupe. Alikuwa na haraka. Moto ulikuwa unamsubiri, na wanawake wa kusafisha samaki walikwisha vaa aproni.

Kipimajoto kikasoma saba chini ya sifuri.

"Loo! Nimekuua," Exilda akakiambia. Jumamosi kilikuwa kimemponyoka kikaanguka sakafuni, puu, juu ya saruji, na hakumwambia mtu. Sasa akaona ndiyo hasara ya kuanguka kule. Ule waya wake mwembamba, wa metali mbili zilizounganishwa nchani, hauna ngozi ya kustahimili vishindo. Hakuwa na nia ya kwenda kwa bosi kueleza jinsi alivyokiangusha. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, mpaka namba zikapanda zikatulia kwenye sifuri. Akaandika: 0.0. Akatia sahihi.

Aliyekitumia kipimajoto hicho ni Théotime, kaka wa mumewe aliyeishi nao nyumba moja, mtu wa moshi kwa miaka thelathini na moja. Sindano inachomwa kwenye kibua mnene kuliko wote ndani ya tanuri, na samaki akishafika nyuzi sitini na tatu, akae hapo nusu saa, ndipo mlango ufunguliwe. Hiyo ndiyo sheria. Zamani Théotime alipika kwa pua na kidole, na hakuna aliyelalamika.

Jumatano akamfuata Exilda kwenye meza ya kufungia.

"Shemeji, hawa vibua wanafika sitini na tatu upesi mno. Nikibonyeza mgongo, nyama inarudisha kidole kama mbichi. Hicho kidude chako kinakimbia."

"Kidude changu nimekipima mwenyewe Jumatatu. Labda kuni zako ni kavu kuliko kawaida."

"Kuni ni zile zile."

"Basi ni kidole chako ndicho kimezeeka, shemeji."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mpe mzee tanuri la nyanya yake, apime kwa ulimi!" Théotime naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, akarudi kwenye moto wake. Exilda alifurahi kwamba watu wamecheka. Alikuwa mwepesi wa maneno, na aliupenda wepesi wake.

*

Ijumaa asubuhi sanduku la vibua likarudishwa kutoka duka moja la Tracadie. Rhéal Haché, bosi, kijana wa miaka thelathini na minne aliyerithi kiwanda na madeni yake, akaliweka juu ya meza mbele ya watu wote. Akatoa samaki mmoja, akampasua kwa mikono. Nyama ikang'ang'ania mfupa, na kando ya uti wa mgongo palikuwa na wekundu.

"Hii ni ya jana," akasema. "Nani alikuwa na tanuri jana?"

Swali la nini, wakati tanuri ni moja na mtu wa moshi ni mmoja?

"Mimi," Théotime akasema. "Na niliwatoa kwenye sitini na tatu, baada ya nusu saa."

"Nusu saa kwa saa ipi, mzee?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wanawake waliangalia visu vyao. Kila mtu alijua kwamba Théotime alikuwa mlevi, na kila mtu alijua kwamba ameacha miaka sita sasa, lakini la kwanza hukumbukwa upesi kuliko la pili.

"Rhéal, mwanangu," Théotime akasema polepole, "nilimfundisha baba yako kuwasha moto huu."

"Ndiyo maana sitaki kugombana na wewe. Serikali nimeshaipigia simu. Mkaguzi atakuja Jumatatu kukipima kipimajoto mbele yetu. Kikiwa kibovu, ni kipimajoto. Kikiwa kizima..." Hakumalizia. "Nenda nyumbani upumzike."

Théotime akavua aproni. Alihangaika na fundo la mgongoni kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyejua kama kumsaidia kungekuwa wema au matusi.

*

Saa ya chakula Exilda alitoka kupunga upepo gatini. Kwenye mlango wa banda la chambo, Onil Mallet, mmoja wa wavuvi, alikuwa ameinama juu ya pipa, anamwagia barafu chumvi ya mawe kwa koleo.

"Unafanya nini, Onil?"

"Nafanya nini? Natia chumvi."

"Kwenye barafu?"

"Chambo cha siku mbili kisipotiwa chumvi kinakuwa uji. Barafu ikilishwa chumvi inakuwa baridi kali, heringi zinakaa ngumu." Akamtazama. "Dada, miaka yote hii umekaa gatini hujui hilo? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Exilda alikuwa amejua. Mtoto yeyote wa pwani ile anajua, maana wote walizungusha ndoo ya aiskrimu ya sikukuu ndani ya barafu na chumvi. Alijua kama mtu anavyojua jambo ambalo hajawahi kuulizwa. Barafu ile haikuwa sifuri. Ilikuwa saba chini kwelikweli, na kipimajoto kilikuwa kimesema kweli tupu, naye akakilazimisha kusema uongo. Tangu Jumatatu kila kiliposoma sitini na tatu, samaki alikuwa hamsini na sita. Kidole cha Théotime hakikuwa kimezeeka hata kidogo.

Sasa hapa ndipo mtu hupimwa, na mimi sitamtetea. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Rhéal. Ofisi ilikuwa hatua arobaini kutoka pale. Badala yake alisubiri mpaka saa kumi, wenzake walipotoka. Fundi alikuwa ameshaitengeneza mashine ya barafu mchana ule. Exilda akachukua barafu safi, akaiponda, akatia maji, akakoroga, akazamisha sindano. Saba juu ya sifuri. Akasimama akiitazama ile saba. Ndiyo iliyokuwa shahidi pekee wa Théotime.

Akabonyeza kitufe mara saba. Sifuri. Akakirudisha kipimajoto kabatini, akafunga kwa ufunguo wake.

Alijiambia kwamba anazuia madhara, kwamba samaki wa kesho lazima wapikwe sawa. Na ni kweli, hilo nalo lilikuwamo.

*

Jumatatu mkaguzi, Bi. Thibodeau, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira, akaja na barafu yake ndani ya chupa ya chai. Akakipima kipimajoto mara tatu. Sifuri, sifuri, sifuri. Akakipima na kwenye maji yanayochemka, kikasoma mia.

"Kipimajoto hiki ni kizima," akasema. "Nani hukitunza?"

"Mimi," Exilda akajibu.

"Hongera. Kungekuwa na watunzaji kama wewe kila kiwanda, ningelala usingizi."

Exilda aliipokea hongera ile mbele ya shemeji yake, aliyesimama kando ya mlango na kofia mkononi. Rhéal akapumua. Vibua wa Alhamisi tu ndio wangetupwa. Kosa la mtu mmoja, siku moja. Akamshika Théotime begani, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Miaka thelathini na moja inatosha, mzee. Ondoka kama mstaafu, usinifanye niandike sababu nyingine."

Nyumbani, Alyre, mume wa Exilda, alikuwa amekaa kwenye kiti chake kwa sababu ya mgongo uliovunjika kwenye kazi ya kukata magogo miaka mitano nyuma. Mshahara wa Exilda na wa Théotime ndio uliokuwa ukiwaendesha. Alyre aliposikia habari aliinuka. Akajikongoja mpaka mezani, akainama juu ya kaka yake aliyekuwa anapaka molasi ya miwa kwenye mkate, akamnusa mdomo.

Akamnusa kama mtu anavyonusa maziwa ya juzi.

"Alyre!" Exilda akapiga kelele.

"Nataka kujua tu. Ni nyumba yangu."

"Sijanywa, bwana mdogo," Théotime akasema. Hakumsukuma. Alifungua mdomo zaidi ili ndugu yake anuse vizuri. "Nusa tena. Bora nawe uwe na hakika, maana mimi mwenyewe sina. Niliona sitini na tatu. Naapa niliona. Lakini mkaguzi kasema ni kizima, na samaki nimemwona kwa macho yangu. Sasa nilichokiona ni nini?"

Exilda akageukia jiko, akakoroga sufuria ya kuku na viazi ambayo haikuhitaji kukorogwa. Sema, akajiambia. Sema sasa. Akasema, "Labda ni macho, shemeji. Umri huo. Nitakupeleka ukapimwe."

Ndiyo, yeye ndiye aliyesema hivyo. Likamtoka kabla hajaliona, na lilipokwisha toka lilimpa nafuu kidogo, akalishika.

*

Alhamisi akaomba ruhusa, akamwendesha Théotime mpaka Bathurst, mwendo wa saa moja. Njiani alimnunulia kahawa. Alitaka kumnunulia na kitumbua, akakataa. Kwa daktari wa macho alikaa kwenye kiti cha plastiki, mlango ukiwa wazi nusu, akamsikiliza mtu mzima wa miaka sitini na mmoja akisoma herufi kwa sauti ya mtoto wa shule anayetaka kumpendeza mwalimu. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Daktari akacheka, akamwambia ana macho ya mwewe, miwani ya kusomea gazeti inamtosha.

Garini Théotime hakufunga mkanda. Alikaa mikono magotini.

"Hizo ni habari njema, shemeji," Exilda akasema.

"Njema wapi? Afadhali ningekuwa kipofu." Akagonga paji la uso kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Kama macho ni mazima, basi ni huku ndani. Mama naye alianza hivi hivi. Alisema ametia chumvi, kumbe hajatia. Alisema amefunga mlango, tukaukuta wazi. Alikuwa na umri wangu. Mwisho aliniita kwa jina la mbwa."

"Usiseme hivyo."

"Nimekuwa nikijipima, unajua? Usiku nahesabu kurudi nyuma kutoka mia. Nataja majina ya wote tuliosoma nao. Jana nilimsahau mmoja." Akageuka, akamtazama, na macho yake ya mwewe yalikuwa na maji. "Nikifika pale alipofika Mama, usimwache Alyre anifunge chumbani. Nipelekeni mahali. Wewe nakuamini. Bila wewe wiki hii sijui ningefanya nini."

Exilda akawasha gari. Aliendesha saa nzima bila kufungua redio. Ilikuwa siku ya nne tangu amwone akinuswa, ya saba tangu aibonyeze ile saba. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwa ameizoea. Huyu mtu alikuwa anajizika mwenyewe akiwa hai, na koleo alipewa na Exilda.

*

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa Rhéal bila kubisha hodi, akamweleza yote: kuanguka kwa kipimajoto, barafu ya Onil, ile saba ya kwanza na ile saba ya pili.

Rhéal alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa huruma, na huruma hiyo ilimuumiza kuliko kofi.

"Mama Exilda, naelewa. Ni shemeji yako, mnakula meza moja. Mtu mwenye moyo angefanya hivyo."

"Sifanyi chochote. Nakwambia kilichotokea."

"Kipimajoto kilipimwa mbele ya serikali. Kilikuwa sawa."

"Kilikuwa sawa kwa sababu nilikirekebisha Ijumaa jioni!"

"Shh." Akainuka, akafunga mlango. Tabasamu lilikuwa limetoweka. "Tuseme ni kweli. Unajua maana yake? Si vibua wa Alhamisi tu. Ni wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa. Wamefika mpaka Moncton. Itabidi nitangaze redioni watu wawarudishe. Nani atanunua kibua wangu tena? Wanawake kumi na wanne wana kazi hapa. Hakuna aliyeugua. Mzee alikuwa karibu kustaafu. Nitampa kitu, nakuahidi. Nenda kazini."

Exilda alimwangalia, na kitu cha kutisha ni kwamba alimwelewa. Maneno yale yote alikuwa ameshajiambia mwenyewe, siku saba mfululizo, karibu kwa mpangilio ule ule.

"Hakuna aliyeugua mpaka leo," akasema. "Nyumbani kwangu yuko mmoja."

Akatoka mpaka kwenye chumba cha kazi. Namba ya Bi. Thibodeau ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya simu, chini ya tangazo la kunawa mikono. Visu vikanyamaza. Alipiga akiwa amewapa mgongo wenzake, na alisema kwa sauti kubwa ili asipate nafasi ya kupunguza. "Ni Exilda Losier, yule uliyempa hongera. Nilikudanganya."

Bi. Thibodeau alifika kabla ya saa sita. Hakumpigia kelele. Alimtaka arudie kila kitu mbele yake: barafu ya Onil kwenye kikombe, sindano, subira. Saba chini ya sifuri, kasoro kidogo. Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu.

"Kosa la Jumatatu lingemtokea mtu yeyote mwenye haraka," akasema bila kuinua kichwa. "La Ijumaa ni lako."

"Najua."

Rhéal akampa Exilda saa moja atoe vitu vyake kabatini. Mwanamke aliyekuwa amemcheka Théotime Jumatano ile alipita karibu yake na ndoo, akasema bila kusimama, "Na sisi je? Umetufikiria?" Wengine waliendelea kusafisha samaki. Exilda alimwomba Rhéal jambo moja tu, kwamba ampigie simu Théotime yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, amwambie moto ni wake. Rhéal akapiga. Hakuwa mtu mbaya.

*

Alipofika nyumbani wanaume wawili walikuwa mezani. Alyre alikuwa ameshapakua chakula, kitu ambacho hakukifanya zaidi ya mara moja kwa mwaka. Théotime alikuwa amenyoa ndevu. Uso wake ulikuwa umefunguka, umepungua miaka kumi, na Exilda akajua kwamba simu imeshafika, lakini haikusema yote.

"Shemeji!" Théotime akaruka kwenye kiti. "Umesikia? Kilikuwa kipimajoto! Rhéal kasema kilirekebishwa vibaya, narudi Jumatatu. Nilikwambia kinakimbia! Sikukwambia? Kidole hiki!" Akakiinua kidole chake, akakibusu. Alyre alikuwa anacheka na kufuta macho kwa kitambaa cha meza. "Kichwa ni kizima, Exilda! Kizima kabisa!"

Exilda hakuvua koti. Kama angelivua asingesema.

"Ni mimi niliyekirekebisha vibaya," akasema. "Nilitumia barafu ya chambo, ya chumvi. Halafu nilipogundua, nikakirudisha sawa kimya kimya, kabla mkaguzi hajakipima. Ndiyo maana hukuaminiwa. Nimefukuzwa, na ninastahili."

Alyre akaacha kucheka, uma ukabaki hewani. "Umefanya nini?" akauliza.

Théotime akakaa. Alitafuna kilichokuwa mdomoni mwake, akameza.

"Kukosea si kitu," akasema hatimaye. "Mimi nimeshaunguza tanuri zima, mwaka ule nilipokuwa nakunywa." Akachukua uma wake. "Uligundua lini?"

"Ijumaa."

"Leo?"

Pale palikuwa na mlango, wazi kabisa, na Théotime ndiye aliyemfungulia. Alyre alikuwa anamwangalia mkewe, na macho yake yalikuwa yakimwomba apite hapo: ndiyo, leo. Neno moja tu, na meza ile ingekuwa meza tena.

"Ijumaa iliyopita," Exilda akasema.

Théotime akahesabu. Ulionekana uso wake ukihesabu, siku baada ya siku, mbele na nyuma: kofia yake mkononi mlangoni, pua ya ndugu yake mdomoni mwake, zile herufi za Bathurst, maneno aliyoyasema garini.

"Kwa hiyo pale garini," akasema, "nilipokueleza habari za Mama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaitika kwa kichwa. Alimalizia chakula chake chote, viazi na nyama, bila haraka, na nyumba nzima ilimsikia akitafuna. Kisha akainuka, akachukua sahani yake, akaenda nayo kwenye sinki. Katika miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwona Théotime akiosha sahani katika nyumba ile, na Exilda alikuwa amemtania kwa hilo mara elfu. Sasa aliiosha, akaisuuza, akaikausha kwa kitambaa, akafungua kabati tatu kabla ya kupata inapokaa.

"Asante kwa chakula, Bi. Losier," akasema.

Akaenda chumbani kwake, akaufunga mlango taratibu, kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenye nyumba.